Majibu ya Hayakuhusu

Bahasha imefika na basi la Jumanne,
imekunjika kona, inanuka dizeli,
na juu yake, kwa wino wa mashine:
MBWA: HAYAKUHUSU. JIKE. KIBIRIZI, KIGOMA.

Jina nilimpa mwaka ule wa maneno,
jirani akihesabu wageni mlangoni kwangu.
Kila nilipomwita mbwa
ukuta wa pili ulisikia.

Alikuja mtafiti kutoka Morogoro, Hyasinta,
buti za mpira, kijiti chenye pamba kichwani,
akampangusa mbwa ndani ya shavu
taratibu, kama anayetafuta punje ya wali.
Hayakuhusu, ambaye huuma hata upepo,
alitulia. Akalamba glavu.
"Miezi minne," Hyasinta akasema, "tutajua alikotoka."
Nikacheka. Alitoka chini ya mtumbwi uliopinduliwa,
yeye na nduguze watano, mvua ikinyesha,
na wale watano hawakuiona asubuhi.

Miezi minne Kibirizi nzima ikawa maabara.
Tausi wa mawese: baba yake ni mbwa wa polisi wa bandari,
tazama kifua.
Gwimo fundi baiskeli: wapi, hiyo damu ya Kongo,
mkia umejiviringa kama ngata,
alivuka na boti ya vitenge.
Mwanangu Bukuru: mama, bibi yake ni fisi.
Masikio hayakutoa ushahidi,
moja limesimama, jingine limelala,
kama mke na mume waliogombana usiku.

Leo nimekalia gunia, dagaa wameanikwa,
nasoma vinasaba kwa kidole.
Mbwa wa vijijini, Afrika: themanini na moja kwa mia.
Mbwa wa misitu ya Kongo, yule asiyebweka: kumi.
Gwimo atavimba kichwa.
Mchungaji wa Kijerumani: sita.
Tausi naye hatalala.
Na tatu za mwisho, kwa rangi ya majivu:
haijulikani.

Nimeirudia hiyo rangi ya majivu.
Tatu kwa mia ya mbwa wangu
hakuna aliyeiandika, wala anayeidai.
Labda ndiyo inayoubwekea mwezi.
Labda ndiyo iliyotulia pamba ilipoingia.

Juzi nilikuwa ofisi ya vitambulisho, safari ya tatu.
Kijana wa nyuma ya kioo akalionja jina langu
kama mtu anayeonja mboga ya nyumba asiyoiamini:
Leokadia Ntibakunze. Mbona kama la ng'ambo?
Nalo ni la bibi, alilitoa Heru Juu
kuwajibu majirani zake, enzi zake.
Baba alizaliwa wapi? Heru Juu.
Babu? Heru Juu.
Baba wa babu?
Nikamwambia huyo alizaliwa kabla ya mpaka,
mpaka ndio uliomkuta shambani, akipalilia mtama.
Hakuandika. Akasema lete shahidi,
lete picha ya kaburi,
njoo Alhamisi.

Hakunipangusa shavu. Hakuwa na kijiti.

Sasa kunguru wameshuka upande wa pili wa chanja
na huyu mwenye hati, mwenye muhuri,
anachomoka kwa miguu yote minne,
haulizi upi ni wa Kongo.
Anarudi na unyoya, anauweka juu ya karatasi,
ananilalia mguuni, mzito, wa moto,
anukaye dagaa kama mimi.

Alhamisi nitakwenda naye.
Nitamfunga nje, karibu na dirisha,
na kijana akiinua kalamu,
baba wa babu, mama wa baba wa babu,
nitageuka tu, nimwite mbwa wangu
kwa jina lake kamili.